Ndoo Isiyo na Gugumaji

Maonyesho ya sayansi ya wanafunzi yanapokaribia, yawe ya Young Scientists Tanzania au ya KSEF kule Kenya, shule za kandokando ya Ziwa Viktoria hurudi kwenye mada ileile: maji na mimea inayoota majini. Ni mada ninayoipenda, na wanafunzi wana kila haki ya kuichagua. Mtoto wa Mwanza, Musoma, Kisumu au Homa Bay hahitaji kitabu kumweleza gugumaji ni nini. Ameona mitumbwi ikikwama mwaloni asubuhi, ameona kina mama wakilisukuma kwa mti ili wapate pa kuchota maji.

Kinachonisumbua ni madai yanayopokezanwa kidato hadi kidato, mengine yakitoka vinywani mwa walimu wenyewe, kuhusu namna mradi wa aina hii unavyopangwa. Mengi yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi. Nimesimamia miradi hii shuleni na kuipitia mezani nikiwa jaji, na nina hakika kwamba mingi iliyoharibika iliharibika kabla ndoo ya kwanza haijajazwa. Nayajibu hapa. La kwanza litachukua nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu likieleweka, nusu ya kazi imekwisha.

"Gugumaji husafisha maji, na mradi wetu utathibitisha hivyo."

Dai hili halikuzuka tu. Katika miaka ya 1970, mtafiti Bill Wolverton wa NASA, shirika la anga la Marekani, alilijaribu gugumaji kwenye mabwawa ya majitaka huko Mississippi, na likaonekana kufyonza nitrojeni na fosforasi kwa kasi kubwa. Lakini mabwawa ya namna ile yana watu wa kuyahudumia: mmea ukikua, huvunwa na kutolewa majini. Ziwani hakuna anayevuna kwa kiwango hicho. Jani likizeeka linaoza palepale, bakteria wanaoliozesha wanaitumia oksijeni iliyomo majini, na nitrojeni iliyofyonzwa inarudi ilikotoka. Mwaka 1998 gugumaji lilitanda juu ya takriban hekta 20,000 za Ziwa Viktoria, sehemu kubwa ikiwa Ghuba ya Winam upande wa Kisumu. Kama kuelea kwake tu kungetosha kusafisha, wakazi wa ghuba ile wangekunywa maji matamu mwaka ule. Waliovua na kuchota pale wanajua kilichotokea.

Kwa hiyo tatizo la kwanza ni kwamba mradi unaanza na jibu. Nadharia tete haikatazwi, lakini iandikwe kwa namna ambayo vipimo vinaweza kuikataa. Badala ya "gugumaji husafisha maji", mwanafunzi aulize: katika lita 10 za maji yenye nitreti, ni kiasi gani cha nitreti kinapungua kwa siku 10 kukiwa na gugumaji, na ni kiasi gani kinapungua lisipokuwepo? Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo inayosahaulika. Nimeona mabango mengi yenye picha za ndoo yenye mmea, grafu ikishuka vizuri kabisa, lakini ndoo isiyo na mmea haipo popote. Grafu ile haithibitishi chochote. Nitreti hupungua hata pasipo mmea: mwani huitumia, na bakteria wa kwenye tope la chini huibadili kuwa gesi. Bila ndoo ya kulinganishia, mwanafunzi analisifu gugumaji kwa kazi ya wengine.

Na hapo bado. Tuseme ameweka ndoo mbili juani, moja na mmea, nyingine maji matupu. Baada ya siku chache ile tupu inageuka kijani, kwa sababu jua linaingia moja kwa moja na mwani unazaliana humo. Mwani nao unakula nitreti. Mwisho wa jaribio ndoo zote mbili zimeshuka karibu sawa, na mwanafunzi anahitimisha kwamba gugumaji halina kazi. Hitimisho hilo nalo si sahihi. Dawa yake ni ndoo ya tatu: maji bila mmea, lakini juu yake kinaelea kipande cha plastiki nyeusi chenye matundu, kinachoziba mwanga kwa kiasi kinachokaribia kivuli cha majani. Sasa tunaweza kutenganisha kazi ya mizizi na kazi ya kivuli. Kila aina iwe na ndoo tatu, jumla tisa, na zipangwe kwa kuchanganywa ili zote zenye mmea zisiangukie upande wenye jua kali. Ndoo tisa ni nyingi, lakini zinapatikana: ndoo za rangi zilizokwisha, zikioshwa vizuri, zinafaa.

Kuna jambo jingine la ndoo hizi ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotofautisha mradi uliopangwa na ule uliobahatisha. Gugumaji hupoteza maji mengi kupitia majani yake mapana. Ndoo iliyoanza na lita 10 ikibaki na lita 8, nitreti iliyokuwa miligramu 50 kwa lita itasomeka 62.5, hata kama mmea haujagusa chochote. Yaani mmea unaofyonza kidogo unaweza kuonekana kama unaongeza uchafu. Kwa hiyo siku ya kwanza chora mstari wa maka peni ndani ya kila ndoo, na kila asubuhi ongeza maji ya mvua, au maji yaliyotoneshwa kama maabara inayo, hadi yafike kwenye mstari. Andika umeongeza kiasi gani. Daftari hilo la maji yaliyoongezwa litakuwa matokeo ya pili ya mradi bila gharama yoyote.

Mmea wenyewe nao uchunguzwe kabla haujaingia ndooni. Achana na wazo la kuokota tu mmea ulio karibu. Geuza jani utazame: ukiona alama nyingi ndogo zilizoparuliwa, rangi ya kahawia, upana wa milimita chache, hiyo ni kazi ya Neochetina, wadudu wa jamii ya fukusi walioachiliwa Uganda mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997 kupambana na gugumaji. Wadudu wakubwa hula juu ya jani, ila funza wao ndio wabaya, maana hutoboa njia ndani ya kikonyo. Chana kikonyo kimoja kwa wembe. Ukikuta vijia vyeusi vilivyooza ndani yake, mmea huo utakufa katikati ya jaribio na kumwaga virutubisho vyake ndooni. Chagua machipukizi machanga yaliyotoka kwa mama mmoja, yanayokaribiana uzito.

Kwenye uzito pia kuna mtego. Gugumaji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na mizizi yake inaning'inia kama ndevu zilizoloa. Ukiutoa mmea na kuuweka mizanini palepale, unapima maji yaliyokwama kwenye mizizi. Uning'inize kwanza, uhesabu dakika tano zilezile kwa kila mmea, ndipo upime. Mwisho wa jaribio ukaushe juani hadi uzito usibadilike tena, upime ukavu wake. Kwa namba hizo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kufanya hesabu inayowashinda wengi: lita 10 zenye miligramu 50 za nitreti kwa lita zina takriban miligramu 113 za nitrojeni. Mmea mbichi wa gramu 100 ukikauka unabaki gramu 5 hivi, na tukichukulia nitrojeni ni asilimia 2.5 ya ukavu huo, tunapata miligramu 125. Maana yake gugumaji likiongezeka gramu 100 tu, linaweza kuwa limebeba nitrojeni yote ya ndoo. Likiozea humohumo, imerudi yote. Hapo ndipo mwanafunzi anaweza kusimama mbele ya jaji na kueleza kwa nini kuvuna ni sehemu ya kusafisha, kwa namba zake mwenyewe.

"Mbolea ni mbolea. Weka yoyote kwenye maji, upime nitreti."

Hapana. Mbolea inayopatikana kirahisi dukani ni urea, na urea ina nitrojeni asilimia 46, lakini si nitreti. Mwanafunzi anatia urea, anachovya karatasi ya kupimia, rangi haibadiliki. Anaongeza. Bado. Siku kadhaa baadaye bakteria wamekwisha kuigeuza kuwa amonia, kisha nitreti, na kipimo kinaanza kupanda kwenye ndoo zote, pamoja na zile zenye mmea. Wakati huo amekwisha kuzidisha kiasi, na amonia nyingi imeanza kuunguza mizizi. Anayetaka kupima nitreti aanze na nitreti. Nitreti ya potasiamu ipo kwenye makabati ya maabara nyingi za shule: gramu 0.8 katika lita 10 inatoa karibu miligramu 49 za nitreti kwa lita, ambayo ni kama kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, miligramu 50. Mizani ya shule isiyosoma sehemu ndogo za gramu isiwe kikwazo. Yeyusha gramu 8 katika lita moja, kisha chukua mililita 100 za mchanganyiko huo kwa kila ndoo.

Na soma maelezo ya kipimo chako. Vipimo vingine hutoa nitreti yenyewe, vingine hutoa nitrojeni iliyomo kwenye nitreti, na tofauti ni zaidi ya mara nne: 50 za kwanza ni sawa na 11 za pili. Nimesoma ripoti iliyotangaza kwamba kisima cha kijiji ni salama kabisa kwa sababu kilisoma 20 wakati kikomo ni 50, kumbe kipimo kilikuwa cha aina ya pili. Watu wanakunywa maji yale. Namba isiyo na jina lake kamili ina hatari.

"Maji yakiwa maangavu ni salama. Na tukitaka uhakika, tunayo kalamu ya TDS."

Kalamu ya TDS inauzwa bei nafuu na inapendwa kwa sababu inatoa namba papo hapo. Kinachopimwa ni namna maji yanavyopitisha umeme, kisha kifaa kinakadiria chumvi zilizoyeyuka. Haioni kimelea hata kimoja. Maji ya Ziwa Viktoria kwa asili yana chumvi chache, hivyo kalamu ikitumbukizwa hata karibu na mfereji wa majitaka inaweza kusoma namba ndogo ya kupendeza. Kisima kirefu cha Singida au Dodoma kinaweza kusoma mara kumi ya hapo bila kuwa na kinyesi ndani yake. Wala kalamu haitaji ni chumvi gani: kuzunguka Mlima Meru, Arusha, madini ya floraidi kwenye maji yamewaharibu watu meno na mifupa, na maji yenyewe ni maangavu kama kioo.

Uangavu wenyewe una thamani, ukijulikana unapima nini. Maji yakiwa na mwani mwingi au udongo, mwanga hauingii, na mimea ya chini ya maji inakufa. Hilo ni jambo la kupima. Lakini kipimo cha usalama wa kunywa ni kingine: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kusionekane E. coli hata mmoja katika mililita 100. Mradi ambao haujapima bakteria usiandike neno "salama" popote kwenye bango lake. Na ule unaochunguza uji wa kijani wa Ghuba ya Winam usimshauri mtu kuchemsha maji tu. Kijani kile huwa na sayanobakteria wa jamii ya Microcystis, ambao baadhi yao hutoa sumu ya ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

"Bila maabara ya chuo kikuu hakuna mradi wa maji."

Dai hili limewavunja moyo wanafunzi wengi wa shule za kata, na linaniuma. Mwaka 1865 Angelo Secchi, padre na mwanasayansi wa Italia, alipima uangavu wa bahari kwa kuteremsha sahani kwenye kamba. Sahani hiyo hadi leo inatumiwa na watafiti wa maziwa. Kata mduara wa sentimita 20 kutoka kwenye mfuniko wa ndoo, ugawe robo nne, upake mbili rangi nyeusi na mbili nyeupe, funga jiwe chini yake, na kamba uiwekee fundo kila sentimita 10. Simama kwenye gati upande wenye kivuli, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Teremsha hadi sahani ipotee machoni, soma; pandisha hadi ionekane tena, soma; chukua wastani. Watafiti waliopima katikati ya Ziwa Viktoria mwaka 1927 waliiona sahani hadi zaidi ya mita 5 chini. Mwanafunzi atakayepima leo pembezoni na kupata nusu mita ameshika ushahidi mzito, ingawa lazima aseme wazi kwamba pembezoni na katikati si mahali pamoja.

Kwa pH, chai ya rozela isiyo na sukari inabadilika rangi kwa tindikali na besi, na inafaa kumfundisha mtu wazo lenyewe, ila haioneshi tofauti ndogo za maji ya ziwa. Hapo tumia karatasi za kupimia. Karatasi za nitreti nazo husoma kwa ngazi pana, mara nyingi 0, 10, 25, 50, 100. Haziwezi kutofautisha 30 na 40. Basi panga jaribio ambalo badiliko lake ni kubwa kuliko ngazi: anza na 50, ngoja ishuke hadi 10. Anayesoma rangi asijue karatasi imetoka ndoo ipi. Mwenzake achovye, aandike herufi ya siri nyuma, ampe. Utaratibu huu hauna gharama, na maabara kubwa duniani zinautumia.

Mkiwa na swali zuri na vipimo vyenu vya awali, ndipo mwandikieni barua mtaalamu wa taasisi za utafiti wa uvuvi, TAFIRI hapa Mwanza au KMFRI kule Kisumu, mkiomba sampuli chache zihakikiwe. Barua yenye jedwali la vipimo ina uzito tofauti na ile inayosema tu "tunaomba msaada wa mradi".

"Sampuli moja kila sehemu inatosha, maji ni yaleyale."

Maji ya saa moja asubuhi si yale ya saa tisa alasiri. Mchana mimea na mwani hutengeneza oksijeni. Usiku vinaitumia bila kuirudisha, hivyo alfajiri ndipo inakuwa chini kabisa. Mwanafunzi akipima maji ya wazi baada ya vipindi vya mchana, kisha kesho yake apime chini ya zulia la gugumaji kabla ya gwaride la asubuhi, tofauti atakayoipata inaweza kuwa ya saa, wala si ya mmea. Sehemu zote zipimwe ndani ya saa moja, na siku inayofuata mpangilio wa kuzitembelea ugeuzwe. Chukua sampuli tatu kila sehemu, chupa isuuzwe kwa maji ya palepale mara tatu, ijazwe ikiwa chini ya uso wa maji, ifunikwe humohumo bila povu la hewa. Andika kama jana ilinyesha. Mvua moja kubwa inaweza kuleta udongo na mbolea kutoka mashambani na kubadilisha kila kitu kwa siku kadhaa.

"Watoto wa ziwani wamezoea maji, waingie tu wachote."

Hapa naomba walimu wanisikilize kwa makini. Konokono wa jenasi Biomphalaria, wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo, hupenda kujishikiza kwenye mizizi na majani ya mimea ya majini. Yaani mmea ule ule tunaomtuma mtoto akauchukue ndio makazi yao. Mabuu ya kichocho hutoka kwa konokono hasa wakati wa mwanga wa mchana na hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Kuzoea maji hakumlindi mtu. Katika vijiji vingi vya kando ya ziwa aliyezoea ndiye mgonjwa. Isitoshe, chini ya zulia la magugu hujificha nyoka, na mamba na kiboko hawako mbali.

Kwa hiyo sampuli ichukuliwe kutoka gatini au ndani ya mtumbwi pamoja na mtu mzima mwenye uzoefu, kwa chupa iliyofungwa kwenye mti mrefu. Mmea uvutwe kwa reki. Glavu ndefu za mpira na buti zivaliwe. Mizizi ioshwe mbali na miguu, konokono watolewe kwa kibanio, mmoja mmoja, kwa maana ukimwingiza ndooni bila kujua, umeuhamishia ugonjwa uwanja wa shule. Maji ya ziwani yakikaa siku mbili kamili yakiwa yamefunikwa na bila konokono, mabuu hayo hufa. Basi yaache kwanza yakae, ndipo kazi ianze. Mpango wa mradi usio na ukurasa wa usalama uliosainiwa na mwalimu na mzazi usipewe ruhusa ya kuanza, hata uwe na swali zuri namna gani.

"Shule yetu iko mbali na ziwa, tutasafirisha gugumaji kwa basi."

Msifanye hivyo. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini na likatapakaa Afrika kwa sababu watu walilibeba, wengine kwa kuvutiwa na ua lake la zambarau. Mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi zikiwa hai. Ndoo moja ikimwagwa kwenye bwawa la kunyweshea mifugo huko Tabora au Dodoma, kijiji kimepata mzigo wa vizazi.

Tena hakuna haja. Kwenye madimbwi ya karibu, hata pembeni ya bomba linalovuja, mara nyingi huelea vijani vidogo vya kijani vyenye ukubwa wa punje ya mtama, kila kimoja na kijimzizi kimoja kinachoning'inia. Ni Lemna, na maabara za dunia zinaitumia kupima sumu kwenye maji kwa jaribio la siku saba: unaanza na vijani vichache ndani ya bakuli, unavihesabu kila baada ya siku mbili au tatu, unalinganisha kasi ya kuongezeka. Kwa mradi wa shule mimi naiona bora kuliko gugumaji. Bakuli 12 zinaenea dirishani, hesabu inafanywa kwa macho, na mwanafunzi anaweza kuuliza maswali ya nyumbani kwao: je, maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yanazuia ukuaji kwa kiwango gani cha uchanganyaji?

Jaribio likiisha, mmea wowote uliotumika utandazwe juu ya sakafu ya saruji hadi ukauke kabisa, uchomwe. Maji yamwagwe kwenye shimo la nchi kavu, kamwe si mtoni.

"Matokeo yakikataa nadharia tete, mradi umeanguka."

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, Lushoto, alisema kwamba mchanganyiko wa aiskrimu ulioingia kwenye friza ukiwa wa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Alichekwa, na mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akaenda kulijaribu badala ya kulicheka. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Mpemba alikuwa na ripoti ya kitu alichokiona na hakukubali kukibadilisha ili kilingane na alichofundishwa.

Wanafunzi huisikia habari hiyo mpaka hapo tu, na inayofuata inawahusu zaidi. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden wa Uingereza walirudia majaribio ya namna hiyo na hawakuona maji ya moto yakipoa haraka kuliko ya baridi. Walionesha pia kwamba kuisogeza pima-joto sentimita moja tu juu au chini kunaweza kuleta tofauti inayoonekana kama ugunduzi. Ubishi unaendelea, na unaweza kuendelea kwa sababu waliotangulia waliandika walichofanya.

Mwanafunzi wa maji afanye vivyo hivyo. Kama ndoo zenye gugumaji na zile za plastiki nyeusi zimeshuka sawasawa, aandike hivyo, aoneshe vipimo vya ndoo zote tisa badala ya wastani tu, ataje ndoo iliyopinduliwa na mbuzi siku ya nne, kisha apendekeze ni nini angebadilisha. Jaji anayejua kazi yake atampa alama. Daftari la mradi liandikwe kwa wino, kila siku, likiwa na saa, hali ya hewa na jina la aliyepima. Namba iliyokosewa ikatwe kwa mstari mmoja ili bado isomeke. Na daftari hilo ndilo liwekwe mezani siku ya maonyesho, likiwa na madoa yake ya tope, wala si nakala safi iliyoandikwa upya usiku wa kuamkia.